Bapa Lililofupika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Imepenya palepale ilipopenya mwaka jana, juu ya rafu ya nyuzi. Nimeweka ndoo. Naandika humu kwa sababu nikisema kwa sauti naambiwa nina mdomo.

Mchana Baba alitoka chumbani kwake, akashika ukuta mpaka mezani. Macho yake yameingia ukungu, anaona kivuli cha mtu lakini haoni sura, na kifua kinampigia filimbi akipanda hata kizingiti. Sauti tu ndiyo haijaugua. Akasema, "Mimi mwaka huu nastaafu. Mvua zikikatika tutakaa hapa wote, nimkabidhi karakana mwenye kisu. Babu yenu alinipa kwa namna hiyo, na mimi nitatoa kwa namna hiyo."

Mama akasema, "Mungu akitujalia." Mdogo wangu akasema, "Sawa, Baba," huku macho yako kwenye simu. Mimi nikaendelea kugawa chakula.

Kisu anacho mdogo wangu. Nieleze vizuri, maana siku moja naweza kusoma haya nikiwa nimesahau jinsi nilivyokuwa na hasira. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wake unafunguka barabarani. Tunatengeneza viatu, mikanda na mikoba ya ngozi. Nikisema tunatengeneza, namaanisha mimi. Nimekaa kwenye lile benchi tangu miguu yangu haijagusa sakafu. Nikaolewa nikaondoka, nikaachika nikarudi, na benchi halikuniuliza swali hata moja. Mdogo wangu ni dalali wa magari. Baba humwita Kidume kwa kuwa ndiye mwana wa kiume pekee, na jina likaganda. Siku alipomaliza shule, Baba alimpa mbele ya wageni kisu chake cha kukunja, kile cha mpini wa pembe alichokatia ngozi maisha yake yote. "Kisu ni cha mwanamume," alisema. Mimi nilisikia nikiwa uani, naosha vyombo vya hao wageni.

Nataka nini? Nataka Baba aseme mbele ya watu kwamba benchi lile ni langu. Basi, hakuna kingine.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Viatu vya shule, vyote vimeachia soli kwa pamoja kama vilivyoambiana.

Ijumaa, 7 Machi

Kidume ameingia karakana mchana, mwenyewe, bila kuitwa. Hilo peke yake lilitosha kunishtua.

"Dada, una nafasi kidogo?"

Kidume akikuuliza kama una nafasi, jua kuna kitu ameshakiharibu. Akatoa mfuko wa plastiki mfukoni, akaumwaga juu ya benchi. Ndani kulikuwa na kisu. Sikukitambua mara moja, na nilipokitambua nikatamani nisingekitambua. Ncha imekatika, kipande kizima cha mbele hakipo. Kutu imelila bapa mpaka limekuwa na vishimo. Kibao kimoja cha pembe kimetoka kwenye mpini na kupotea. Springi ya mgongoni imelegea, bapa linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Na kwenye ukunjo, rangi nyeupe iliyokauka.

"Umekifanyia nini?"

"Nilikuwa nafungulia makopo ya rangi. Na mara mojamoja, ukikosa bisibisi..."

"Mara mojamoja."

"Dada, usianze. Nakuomba ukitengeneze, kiwe kama zamani. Baba haoni, hatajua."

"Haoni kwa macho. Vidole vyake je? Vile vidole vinajua unene wa ngozi kabla hujaifungua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikamuuliza atafanya nini na karakana akishakabidhiwa, maana kiatu hajui kukishona hata cha mwanasesere. Akachangamka. Alikuwa ameshapanga. Mbele ataweka kabati za vioo, auze vifaa vya simu, barabara ina watu. Mimi nitahamia nyuma karibu na jiko. "Nitakupa nafasi yako, Dada, usiwe na wasiwasi."

Anipe nafasi yangu! Nimemrushia mfuko wake na kisu chake. Nimemwambia akafungulie makopo mengine.

Jumamosi, 8 Machi

Nilijua angemtuma Mama, na Mama amekuja. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akashika kiatu cha mtu, akakigeuzageuza kama anataka kukinunua.

"Mwanangu, kisu kile."

"Nimekataa, Mama."

"Baba yako ana moyo wa kuungaunga. Daktari alisema asipate mshtuko. Akijua kimevunjwa, na aliyekivunja ni nani, huyo mtu ataamka kesho?"

"Aliyekivunja angefikiria hilo kabla ya kufungulia makopo."

"Yeye hafikirii. Unamjua." Akakirudisha kiatu. "Wewe ndiye unayefikiria."

Tangu nizaliwe nimekuwa nasifiwa hivyo, na kila sifa huja na kazi yake. Nikamwambia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Akaniambia hiyo methali ilitungwa na mtu asiye na watoto. Kisha akalia, kweli, siyo ya kuigiza, akajifuta na ncha ya kitambaa chake, akasema, "Simwombei Kidume. Namwombea baba yako."

Sijasema ndiyo. Lakini mfuko wa plastiki aliokuja nao umebaki chini ya benchi, na mimi sijautoa.

Jumapili, 9 Machi

Rafiki yangu mshonaji, yule wa ng'ambo ya barabara, ameacha cherehani yake akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "ukikiacha kimevunjika, Baba anajua Kidume ni bure. Ukikitengeneza, Kidume anapewa benchi lako. Na bado unafikiria?"

"Baba ataumwa."

"Baba anaumwa tayari. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Anayenoa wanasema anakula nini?"

Nikamwambia kitu ambacho sijamwambia mtu: kwamba Baba akikishika kisu kile atajua mkono uliokitengeneza. Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa. Atauliza ni nani, na itabidi isemwe, mbele ya wote. Akasema mimi ni mjinga mwenye matumaini, na hao ndio hawatibiki.

Jumanne, 11 Machi

Nimekiloweka kwenye mafuta ya taa. Nimefanya hivyo kwa ajili ya kisu, si kwa ajili ya mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Bapa limeanza kufunguka bila kulia.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimekitoa pini. Unauweka mpini juu ya kipande cha mbao chenye tundu, unagonga pini kwa msumari uliokatwa kichwa, taratibu, mpaka itokee upande wa pili. Vipande vyote vikalala juu ya kitambaa: bapa, springi, mabamba mawili ya shaba, kibao kimoja cha pembe chenye ufa. Nimevisugua kwa msasa na mafuta. Chini ya kutu, karibu na shina la bapa, chuma bado ni kizuri. Kina rangi ile ya kijivu iliyotulia. Nilipokiona nilifurahi, na nikajichukia kwa kufurahi.

Kazi ya kisu naifanya mvua ikipiga bati, kwa sababu chumba cha Baba kiko nyuma ya ukuta huu huu. Leo mvua ilikatika ghafla nikiwa katikati ya kusugua. Akakohoa, akaita, "Unasugua nini?"

"Vyombo vya mteja, Baba."

"Sugua kwa kufuata urefu. Unasugua kama unafua."

Nikasugua kwa kufuata urefu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mkanda wa mtu mnene, nimetoboa matundu hadi nimeishiwa mkanda.

Jumamosi, 22 Machi

Kidume amekuja na maandazi, akaketi. Sijui alijisikiaje. Akanitazama nikinoa bapa kwenye jiwe, kwa maji, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Kwani huwezi kutumia mashine? Kwa Cheche ni dakika moja."

Fundi Cheche ni mchomeleaji wa mageti, jirani yetu, ana mashine ya kusagia vyuma inayorusha moto mpaka barabarani. Nikamweleza Kidume kwa maneno ya mtoto. Chuma cha kisu kimepikwa mara moja na aliyekifua. Kikipata moto tena kikabadilika rangi, kimekufa. Ukikinoa asubuhi, jioni ni kijiko. Ndiyo maana unanoa kwa maji na unatumia siku.

"Sawa, sawa," akasema. Alikula maandazi yote mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Mvua haikunyesha jana wala leo. Baba amesema mezani, "Naona zinakatika mapema. Pengine Jumapili hii." Kidume aliacha kutafuna.

Alhamisi, 27 Machi



Asubuhi nilikwenda kununua soli. Niliporudi kitambaa kilikuwa benchini, vipande vyote vipo, bapa halipo. Sikuhitaji kuuliza. Nilivuka hadi kwa Cheche mbio na viatu vya ndani. Nikamkuta Kidume amesimama nje, uso unang'aa, ameshika bapa kwa kitambaa kwa sababu lilikuwa bado la moto.

"Dada, ona! Nimekuokolea kazi ya wiki nzima. Lina ncha mpya!"

Lilikuwa na ncha mpya kweli. Kali, ndefu, nyembamba kama mdomo wa ndege. Na kutoka kwenye ncha mpaka karibu na katikati, chuma kilikuwa cha bluu.

Nikakaa chini. Pale pale kwenye vumbi la vyuma la Cheche, nikakaa.

"Nini?" Kidume akasema. "Bluu itatoka kwa msasa."

"Rangi itatoka. Kufa kwake hakutatoka."

Cheche akavua miwani yake ya kazi, akasema kwa unyonge, "Mimi nimeambiwa saga, nikasaga, dada yangu. Nimezoea mageti. Geti halina shida na moto."

Yeye sikumlaumu. Nilimgeukia mdogo wangu nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekibana tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Kwamba alibebwa mgongoni mwangu hadi akawa mzito kuliko mimi. Kwamba kila alichovunja kimeunganishwa na mimi, na kila nilichounganisha kimesifiwa kuwa chake. Kwamba Jumamosi nilimweleza, kwa Kiswahili, akiwa na andazi mdomoni, kitu hiki hiki kimoja asikifanye. Watu walisimama barabarani. Nilisema, "Punda afe, mzigo ufike, ndiyo raha yenu!" Na mvua ikaanza, kubwa, na hakuna aliyeondoka.

Kidume alikuwa analia. Mwanamume mzima, dalali, shati limeloa, analia na bapa mkononi. Akasema, "Niliogopa Jumapili." Ndicho alichosema tu.

Nimelichukua bapa nikarudi nalo. Sijui kwa nini nililichukua.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua kubwa. Baba amesema hakuna Jumapili wala nini, zimerudi.

Jumatatu, 31 Machi

Sijagusa kitu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama ameniletea chai benchini, akaiweka, akasimama tu. Sikumtazama. Akaondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mtu mwingine angekitupa. Mimi nimelala nalo bapa kichwani wiki nzima, na leo nimeamka najua. Huwezi kurudisha ulichopoteza, lakini unaweza kuuliza kilichobaki kinataka kuwa nini.

Nimelifunga kwenye jiliwa linalobana kazi benchini, nikachukua tupa. Sehemu iliyokufa, tupa inaila. Iliyo hai inaikataa, tupa inateleza juu yake na kulia. Kwa hiyo nikaenda nikijaribu kidogo kidogo kutoka mbele kuja nyuma, mpaka tupa ilipoanza kuteleza. Pale ndipo penye mpaka. Nikaweka alama. Yote yaliyo mbele ya alama lazima yatoke. Bapa litakuwa fupi, litakuwa kama nusu ya lile la zamani na kidogo zaidi. Hakuna binadamu atakayelishika akaliita la zamani.

Nikahisi, jinsi gani nieleze, nafuu. Hakuna tena "kiwe kama zamani". Sasa ni kisu ninachokijua mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Tupa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Tupa. Vidole vimechubuka.

Jumamosi, 12 Aprili

Umbo limetokea. Makali yamenyooka kama rula kutoka shina mpaka mwisho, na mgongo unashuka kuyakuta, bila ncha ya kuchoma. Kwa ngozi, ncha kali ni adui, inachana pale usipotaka. Baba alikuwa akilalamika kila mara kwamba ncha ya kisu chake inamkwaruzia kazi, na hakuwahi kuthubutu kuiondoa kwa sababu ilikuwa ya babu. Mimi nimeiondoa. Kwa msaada wa mpumbavu, lakini nimeiondoa.

Jumanne, 15 Aprili

Kibao cha mpini nimekichonga kutoka kalibu ya zamani ya mbao ya kuundia kiatu, ya mguu wa kushoto, ambayo mwenzake ilipotea siku nyingi. Tuliitunza miaka yote kana kwamba kuna mteja wa mguu mmoja angekuja. Mbao nzito, nyekundu. Upande mmoja sasa ni pembe, upande wa pili ni mbao. Kikiwa mkononi unajua bila kutazama makali yameelekea wapi.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo kupiga pini. Hapo ndipo visu vya kukunja hufia. Ukigonga sana bapa halifunguki, ukigonga kidogo linacheza, na kuna mtu lazima ashikilie. Rafiki yangu mshonaji alikuwa na mteja. Nikamwita Kidume. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile.

Alikuja akashikilia. Alishikilia vizuri, nisimnyime haki yake. Nikigonga anafumba macho, lakini mkono hausogei. Tulipomaliza nikafungua kisu, nikakifunga. Tak! Sauti moja, safi. Kidume akacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni.

"Dada, mimi hii kazi siiwezi hata nikizaliwa mara mbili."

"Najua."

"Nitasema. Baba akikishika, nitasema ni wewe. Nitamwambia karakana iwe yako, mimi anipe tu kona ya mbele ya kabati langu. Naapa."

Nilimtazama na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamwona mdogo wangu, si Kidume. Nikampa kisu chake. Nikamwambia kikae kwenye kitambaa kikavu, na kopo la rangi kisilione hata kwa mbali.

Rafiki yangu ameniuliza kama nimemwamini. Nimesema ndiyo. Akaanza kushona.

Ijumaa, 25 Aprili

Manyunyu.

Jumatano, 30 Aprili

Manyunyu, kisha jua. Nimeanika ngozi.

Jumanne, 6 Mei

Jua. Ndoo nimeitoa chini ya rafu ya nyuzi. Mezani Baba ameuliza hali ya anga, Mama akasema kweupe. "Basi Jumapili," akasema.

Jumapili, 11 Mei

Niandike taratibu, kwa mpangilio, ili nisije nikasema nimeota.

Tulikaa sebuleni baada ya chai. Baba kwenye kiti chake, Mama pembeni yake, shangazi yetu, dada yake Baba, kwenye kochi, mimi na Kidume kwenye mkeka. Nilikuwa nimevaa gauni langu la heshima. Najiona mjinga kuandika hilo.

Baba akanyoosha mkono. "Mwenye kisu."

Kidume akakiweka kiganjani mwake. Baba akapitisha kidole gumba kwenye pembe, kisha kwenye mbao. Kidole kikasimama kwenye mbao. Akakifungua. Tak. Akapitisha ukucha kwenye makali, akapima bapa kwa kidole, akafika mwisho, mahali ambapo zamani palikuwa katikati. Shangazi alikuwa anakoroga chai yake.

"Nipeni ngozi."

Nikampa kipande, nilikuwa nimekiweka mfukoni tangu asubuhi. Akaweka kisu, akavuta. Ngozi ikaachia bila sauti. Akavuta tena, kwenye kona, pale ncha ya zamani ilipokuwa inamkwaruza. Nikaona uso wake unalegea.

"Bapa limefupika," akasema. "Nani amelitengeneza?"

Nilimtazama mdogo wangu. Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu, akauacha hapo, mzito.

"Mimi, Baba," Kidume akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Kilianza kushika kutu, nikaona nikifanyie kazi."

"Wewe."

"Ndiyo, Baba."

Baba akakikunja. Akaelekeza uso upande wangu ingawa najua haoni. Mimi sikumkanusha Kidume. Sijui ni mkono wa Mama, au ni moyo wa kuungaunga, au ni kwamba nilikuwa nangoja Baba mwenyewe aseme. Nilikuwa na uhakika atasema.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Karakana ni yako."

Shangazi akapiga vigelegele. Mama akautoa mkono wake gotini kwangu.

Mchana nilimpelekea Baba dawa chumbani. Nilikuwa nimeshaosha vyombo. Akameza, akanirudishia bilauri, akasema, "Ile mbao ni ya kalibu ya kushoto."

Nikaweka bilauri chini.

"Unadhani sikujui? Kidume hawezi kuchonga hata penseli. Nimekusikia ukisugua na kupiga tupa kila siku kupitia ukuta huu. Hata siku ulipoacha kunoa nilijua kimeharibika, na ulipoanza kupiga tupa nilijua umekata."

"Ulijua. Baba, ulijua, ukampa?"

"Keti."

"Nimesimama vizuri."

Akahema. "Wewe ukitoka hapa mikono mitupu, utaishi. Mikono yako unatembea nayo. Yule akitoka mikono mitupu ataomba barabarani. Mzazi humpa aliye dhaifu. Kilichokuwa kinanikosesha usingizi ni kimoja tu, nikifa nani atambeba. Nilijua siku nyingi kwamba kisu amekivunja, mama yako hajui kuficha. Nikasema, ngoja nione. Dada yake akikitengeneza, basi atambeba. Umekitengeneza. Sasa naweza kwenda bila wasiwasi."

"Na kama ningekataa?"

Alifikiri. Nimpe sifa hiyo, alifikiri kwanza, hakunidanganya.

"Kama ungekataa ningekupa wewe," akasema. "Maana peke yake angeiuza kabla ya mvua nyingine."

Nilitoka nikaenda uani. Nililia huko. Miezi yote ile, mwanangu, mwanangu, moyo wa baba yako, na kila pigo la tupa nilikuwa najipimia mwenyewe. Nilidhani namwonyesha mkono wangu. Kumbe alikuwa anautazama mgongo, kama bado unabeba.

Jumatatu, 12 Mei

Kweupe, jua.

Kidume alinifuata asubuhi karakana, hajalala, macho mekundu. "Dada, ulimi uliniganda. Naapa nilitaka. Nitamwambia, nipe siku mbili." Namwamini kwamba alitaka. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza, maana angekuwa mbaya ningeshamaliza naye zamani.

Nilikuwa tayari napanga vifaa kwenye kikapu. Sindano zangu, nyundo yangu ndogo, tupa, jiwe la kunolea. Nilivyonunua mwenyewe au nilivyotengeneza mwenyewe, hakuna kingine. Akauliza nafanya nini, nikaendelea kupanga. Mteja akaingia na jozi ya viatu vya shule, akaviweka benchini kama kawaida, akasema atavipitia mchana, akatoka.

Baba akasikia vyuma vinagongana kikapuni. Akaita kupitia ukuta, "Unakwenda wapi?"

"Mikono yangu natembea nayo, Baba. Ulisema mwenyewe."

Kikohozi, kirefu, kisha jina langu, mara moja, halafu mara ya pili. Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni. Nilimpita.

"Dada!" Kidume alikuwa ameshika kile kiatu cha shule, soli inaning'inia. "Sasa hivi nani atavitengeneza?"

Nilimwambia aketi kwenye benchi lake ajaribu.

Naandika haya barazani kwa rafiki yangu mshonaji. Amenisogezea cherehani yake pembeni, nimepata nafasi ya kikapu na kigoda. Kutoka hapa naona mlango wa karakana, uko wazi. Kidume ameketi ndani tangu asubuhi, kiatu kikiwa magotini, anakitazama. Mikono inaniwasha. Nimeikalia.